Maneno ya Barazani Kinango

Juzi juzi nilikwenda Kinango kwenye hitima ya rafiki wa marehemu baba yangu. Tulipokwisha dua na kula, nilishuka stendi kungoja gari la kurudi Kwale. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ile mvua ya Kinango ambayo watu huingoja hata wakasahau kwamba wanaingoja, na gari halikuja. Basi nikaketi barazani pa duka, karibu na vijana watano wa sekondari walioinamia daftari moja.

Mmoja wao akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia marahaba. Hakukawia, akauliza, "Mzee, twasikia wewe waandika gazetini. Wajua 'petrichor' ni nini?"

Nikasema sijui. Loo! Walifurahi kama watu waliovua papa.

Kumbe ni harufu. Ni ile harufu ya udongo mkavu unapoguswa na mvua. Neno lenyewe halina umri. Lilibuniwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ambao walieleza kwamba wakati wa kiangazi mimea hutoa mafuta yanayonyonywa na mawe na udongo, na mvua ikinyesha harufu yake hupanda hewani. Wakaliunga neno kwa Kigiriki: 'petra' ni jiwe, na 'ichor' ni kile kiowevu ambacho Wagiriki wa kale walidai kilipita katika mishipa ya miungu yao. Astaghfirullah! Neno la harufu ya rehema limebeba ushirikina tumboni. Sisi tulisomeshwa kwamba Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, mvua iliponyesha alifunua nguo yake ili imguse mwilini, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Hayo yatutosha.

Hata hivyo, nakiri. Harufu ile sote tulikuwa tukiivuta pale barazani, na hapana hata mmoja wetu aliyekuwa na jina moja la kuiita. Twasema "harufu ya mvua," basi.

Nikaomba daftari nilitazame. Walikuwa wameandika maneno kwa mamia, kila mmoja akileta lake na wenzake wakilikisia. Lilikuwamo 'floccinaucinihilipilification', herufi 29, maana yake kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. Mtu anayedharau kwa herufi 29 ana wasaa mwingi, ndivyo nionavyo mimi. Lilikuwamo 'defenestration', yaani kumtupa mtu nje kupitia dirishani, neno lisilo na kazi kubwa Kinango ambako madirisha yako chini. Likafuata 'tittle', kile kidoto kilicho juu ya herufi i. Hapo nilicheka. Mwingereza wa kawaida hajui kwamba kidoto kile kina jina, lakini mtoto wa chuoni mwenye miaka mitano hawezi kupita ba na ta bila kuijua nukta, na akiikosea bakora yamngoja.

Wako wenzangu ambao wangewakaripia vijana wale, wakawaambia waache kasumba za Kizungu. Mimi siko pamoja nao. Sisi washairi twafanya nini ila hayo hayo? Twapekua Kiamu cha kale tukapata neno asilolijua mtu, twalipachika penye kina, kisha twangoja kuulizwa maana yake ili tuonekane mabingwa. Na chuoni tulihifadhi sura nzima nzima miaka mingi kabla ya kujua tafsiri yake. Mwalimu alituambia maana itakuja, nayo ilikuja. Kupenda sauti ya neno kabla ya maana yake si dhambi.

Kilichonisikitisha ni kingine. Walikuwa wameandika 'overmorrow'. Ni neno lililotumika Uingereza karne ya 16, likimaanisha siku inayofuata kesho. Waingereza wamelipoteza, hivi leo huhitaji maneno kadhaa kusema jambo hilo, na wapenda lugha wao hulitaja kwa huzuni kama mtu aliyeuza shamba la babu yake. Nikawauliza vijana, sisi twaiitaje siku hiyo? Wakasema kesho kutwa. Vyema. Na siku inayofuata kesho kutwa? Kimya. Na inayofuata hiyo tena? Wakatazamana.

Aliyejibu ni bibi mmoja aliyekuwa akiuza mihogo chini ya mwembe. "Mtondo na mtondogoo," akasema bila kuinua kichwa, "na wanaonikopa mihogo wote husema watalipa mtondo."

Tazama basi ajabu ya mambo. Mwingereza aliitupa siku moja, sasa aitafuta katika vitabu. Sisi tuna mbili zaidi, nazo zi hai mdomoni mwa bibi wa mihogo, lakini vijana watano wa Kinango hawazijui. Bibi yule akienda zake, na Mungu amzidishie umri, na sisi tutaanza kuzitafuta vitabuni. Vitabu navyo viko. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 kisha akakaa Rabai, si mbali na hapo Kinango, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili ambayo ilichapishwa London mwaka 1882, mwenyewe ameshafariki. Kidigo nacho kina kamusi yake tangu mwaka 2004, nayo yaitwa Mgombato. Mswahili wa Mvita akisikia jina hilo hudhani ni kitabu cha magomvi, kwa sababu kwake yeye kugomba ni kukaripia. Mdigo akigomba anazungumza tu. Hilo pekee lingewatosha vijana wale jioni nzima.

Tena maneno mengine wanayoyaona mageni ni jamaa zetu waliosafiri wakarudi na kofia. Mwarabu alisema 'mawsim', wakati wa mwaka unaojulikana. Mreno akalichukua, Mwingereza akalipata kwa Mreno akalifanya 'monsoon', ndizo hizi pepo zetu za kaskazi na kusi. Sisi tulikuwa nalo tangu zamani: msimu. 'Tariff', ushuru unaowatoa watu jasho bandarini, imezaliwa na 'taarif', naye ndugu yake kwetu ni taarifa. 'Magazine' asili yake ni ghala za kuwekea mali, mzizi ule ule uliotupa hazina.

Nikawaambia kwamba daftari lao limepungukiwa na maneno ya namna moja, na hapa nilisita, kwa kuwa ni habari isiyonipa sifa.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa sekondari kama wao. Ami yangu alikuwa na shamba la minazi upande wa Msambweni. Siku moja akaletewa barua ya Kiingereza, akanipa niisome mbele ya watu, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Niliyafahamu mengi yaliyokuwamo ila neno moja, 'caveat', na kwa neno hilo barua nzima ilikuwa imefungwa. Niliona haya kusema sijui. Nikasema, "Ami, wanakuarifu tu kwamba shamba lako limeandikwa." Akafurahi. Barua akaitia sandukuni pamoja na hati za babu.

Neno lile ni la Kilatini, na maana yake ni "na atahadhari". Kuna mtu aliyekuwa amelidai shamba, akaweka pingamizi, na ami alikuwa na siku chache tu za kujibu. Barua ilikuwa ikipiga kelele "tahadhari!" nami nikamwambia alale. Alipokuja kujua, siku zilikwisha pita. Kesi ilikokotwa miaka saba, na nusu ya minazi ikaenda. Ami hakunilaumu hata siku moja, na pengine hilo ndilo zito zaidi.

Tangu hapo nimekusanya maneno ya namna hiyo kama wengine wakusanyavyo stempu. 'Lien', haki ya mtu kuzuia mali yako mpaka umlipe deni lake. Asili yake ni kamba ya kufungia. 'Encumbrance', mzigo ulio juu ya shamba usiouonekana ukipita kati ya miti. 'Mortgage', ambalo kwa Kifaransa cha zamani ni rehani iliyokufa. Katika pwani hii ambayo watu wamezikwa penye mashamba yasiyo na hati, maneno haya si ya mchezo, na hapana mtihani wa shule uliowahi kuniuliza hata moja.

Vijana walikuwa wamenyamaza. Yule aliyeniuliza la 'petrichor' akafungua ukurasa mpya. "Mzee, 'caveat' ni kwa c au k?"

Nikamwambia ni kwa c. Gari likapiga honi. Wakanisihi nirudi niwaletee mengine, nikasema inshallah nitakuja mtondogoo. Kijana alihesabu kwanza kwa vidole, kisha akasema, "Haya mzee, Jumapili."

Ilikuwa Jumatano. Alihesabu sawasawa.