Mgongo Unapobana Miguu: Kupanua Tu, au Kuweka na Vyuma?

Kama unamtunza mama, mama mkwe au bibi aliyevuka miaka 60, huenda umeliona hili ukadhani anadeka. Shambani akiinama kupalilia hasemi kitu. Mkienda naye sokoni Mwanjelwa, kabla hamjafika kwenye mchele anatafuta pa kukaa: miguu inawaka moto, inakufa ganzi, inaisha nguvu. Akikaa kidogo, anapona. Kupanda kilima kwake ni nafuu kuliko kushuka.

Hadeki. Mfereji wa uti wa mgongo umebana sehemu ya kiunoni. Umri ukienda, mifupa ya pingili huota vinundu, kano za ndani huwa nene, diski hutuna, na mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni hukosa nafasi. Akiinama, mfereji hupanuka kidogo. Akisimama wima, hubana tena.

Dawa na mazoezi yakishindwa, huja habari ya upasuaji, na hapo ndipo kikao cha ukoo huanza kuulizana nani auze kiwanja. Kabla hamjafika huko, jueni kwamba neno "upasuaji" hapa lina maana mbili. Ya kwanza ni kupanua: daktari huondoa sehemu ya mfupa wa nyuma wa pingili na kano iliyonenepa, mishipa ipate nafasi. Ya pili ni kupanua, kisha kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ili zisicheze tena. Ya pili huchukua muda mrefu zaidi mezani, damu hupotea zaidi, na vyuma vina bei yake.

Je, vyuma vinaongeza nafuu? Mwaka 2016 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa 247 wa tatizo hili, wengine wamepanuliwa tu, wengine wamewekewa na vyuma. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa sawa. Waliowekewa vyuma walilala hospitali wastani wa siku 7.4, wenzao siku 4.1. Norway nao, mwaka 2021, walichukua wagonjwa 267 ambao pingili moja ilikuwa imeteleza mbele ya nyingine, yaani wale hasa ambao vyuma vilidhaniwa ni lazima. Takriban 7 kati ya 10 walipata nafuu ya maana katika kila kundi.

Si kwamba vyuma havina kazi. Utafiti mdogo wa Marekani wa wagonjwa 66 wenye pingili iliyoteleza ulionyesha waliowekewa vyuma walirudi kupasuliwa mara chache zaidi. Pingili inayocheza sana mgonjwa akiinama na kuinuka, au mgongo uliopinda, ni sababu ya kweli. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni moja: "Je, pingili za mama zinacheza, na picha gani inaonyesha?" Picha ya eksirei iliyopigwa akiwa amesimama na akiwa ameinama ndiyo huonyesha hilo. MRI hupigwa amelala, kwa hiyo peke yake haitoshi. Kumuuliza si kumkosea heshima.

Kwa mtu wa Mbeya swali hili ni la fedha pia. Safari huanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na wengine huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na msindikizaji naye anahitaji pa kulala. Bima nayo isichukuliwe kwa mazoea. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza Machi 2024, hospitali binafsi zilivutana na mfuko huo kuhusu bei. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, lakini kadi ikiwa mkononi bado uliza kwa maandishi: vyuma vimo?

Kusubiri kunaruhusiwa. Tatizo hili kwa kawaida huenda polepole, na mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kusaidia. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015, waliopangiwa mazoezi na waliopangiwa upasuaji walikuwa karibu sawa baada ya miaka miwili, ingawa zaidi ya nusu ya wale wa mazoezi waliishia kupasuliwa.

Lakini kuna hali zisizosubiri kikao cha ukoo. Mama akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, akifa ganzi sehemu za siri na makalioni, au mguu ukilegea ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Na maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho kinahitaji vipimo vyake na dawa zake, mapema.