Msimbo wa mifumo ya afya ni wa umma, lakini funguo zake ziko kwa nani?

KILA mwisho wa mwezi, idadi ya watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua katika vituo vya afya vya umma, kuanzia Endarasha chini ya milima ya Aberdare hadi visiwa vya Lamu, hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa taifa wa takwimu za afya, KHIS. Mhudumu anayejaza tarakimu hizo hana sababu ya kujiuliza msimbo unaoendesha mfumo huo umehifadhiwa wapi. Swali hilo, hata hivyo, limeacha kuwa la mafundi wa tarakilishi peke yao.

KHIS imejengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Katika kliniki za Ukimwi, rekodi za wagonjwa hutunzwa zaidi kwa KenyaEMR, ambayo nayo imejengwa juu ya OpenMRS. Hii ya pili ina asili ya hapa nyumbani kwa kiasi kikubwa. Ilibuniwa kuanzia 2004 na wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na shirika la Partners In Health, kutokana na mahitaji ya kliniki zilizoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake. Ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Msimbo huo huwekwa katika hifadhi yenye kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Ifahamike kwamba rekodi za wagonjwa hazimo humo. Hizo hukaa katika seva nyingine, na mjadala wa usiri wake ni kesi tofauti, ijapokuwa wanasiasa hupenda kuzichanganya.

Hifadhi hizi zimekuwa zikihamahama. OpenMRS ilianza kwa mtambo wa Subversion uliokuwa katika seva yake yenyewe, kisha ikahamia GitHub. DHIS2 ilikuwa Launchpad, huduma ya kampuni ya Canonical, kabla ya kufuata njia hiyo hiyo. Wengine walihama kwa kufukuzwa: Google ilitangaza Machi 2015 kwamba inafunga huduma yake ya Google Code, na kufikia Januari 2016 milango ilikuwa imefungwa. Mwaka wa 2018 Microsoft ikainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na baadhi ya miradi ikafungasha virago siku hizo hizo kwa kutomwamini mwenye nyumba mpya.

Je, kuhama huku ni kazi kubwa? Mkulima wa Endarasha anaweza kuufikiria mfano wa chama cha ushirika cha maziwa kinachohamisha ofisi. Kubeba daftari la hesabu ni rahisi. Ugumu uko katika makaratasi yaliyobandikwa ukutani, malalamiko ya wanachama yaliyo katika droo, orodha ya wanaoruhusiwa kutia saini benki, na watu ambao wataendelea kwenda kwenye ofisi ya zamani kwa miezi kadhaa.

Kwa msimbo, daftari ni Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Kila nakala kamili ya Git hubeba historia yote, na kila badiliko lina alama yake ya herufi na tarakimu 40. Fundi akishamaliza kunakili, hulinganisha alama ya mwisho katika seva ya zamani na ile ya seva mpya. Zikifanana, ana hakika kwamba hakuna herufi iliyodondoka njiani. Ni wazi kwamba vyama vyetu vingi vya ushirika vingenufaika na daftari la namna hiyo.

Yaliyo nje ya daftari ndiyo hupotea. Ripoti za hitilafu, majadiliano kuhusu marekebisho, majaribio yanayojiendesha usiku, ruhusa za wahariri wa msimbo, vyote hivyo ni mali ya huduma inayohifadhi, na kila huduma ina mtindo wake. Asiyeangalia atafika na msimbo mzima usio na kumbukumbu ya kwa nini kosa fulani lilirekebishwa vile. Ndiyo maana miradi makini husimamisha kazi kwa muda, hunakili, hukagua, huelekeza anwani ya zamani kwenye mpya, kisha huiacha hifadhi ya awali isomeke tu bila kubadilishwa.

Mambo hayo ya kiufundi yana suluhisho. Lisilo na suluhisho rahisi ni la mamlaka. KenyaEMR ilianza kusambazwa mwaka wa 2012 kwa fedha za mpango wa PEPFAR wa Marekani, na katika miaka michache ya mwanzo ilikuwa imefika katika vituo zaidi ya 300. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90, na miradi mingi ya afya nchini ikaamriwa kuacha kazi mara moja. Kufikia Julai mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limevunjwa na majukumu yake yaliyosalia kuingizwa katika wizara ya mashauri ya kigeni ya Marekani.

Msimbo haukutoweka, kwa kuwa uko hadharani na nakala zake ni nyingi. Lakini msimbo bila mtu mwenye ruhusa ya kuurekebisha, na bila mshahara wa mtu huyo, ni kama trekta iliyoegeshwa shambani ufunguo wake ukiwa ng'ambo.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Mwaka wa 2019 GitHub, ikitii vikwazo vya Marekani, iliwawekea mipaka watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea. Hifadhi za wazi ziliendelea kusomeka, ila somo lilibaki: seva iliyo chini ya sheria za nchi nyingine hutii nchi hiyo. Kenya haina ugomvi wa aina hiyo na Washington, lakini nani alitabiri yaliyotokea Januari 2025?

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na programu huria na kununua mfumo wa kampuni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali Nancy Gathungu, iliyojadiliwa Machi 2025, inawajibu vizuri. Ilibainisha kwamba mfumo wa Sh104.8 bilioni ulionuiwa kwa huduma za afya kwa wote haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali. Kwa OpenMRS, angalau, hakuna anayeweza kumnyima Mkenya nakala.

Nakala hiyo ndiyo inayopaswa kuwekwa nchini, ikijisasisha kila usiku kutoka hifadhi kuu, pamoja na ripoti za hitilafu na orodha ya wenye ruhusa. Si lazima GitHub iachwe. Wabunifu wa nchi nyingine wako huko, na kujitenga nao kungekuwa hasara. Msimbo wenyewe ni mdogo kiasi cha kutoshea katika kadi ya kumbukumbu ya simu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mjini Nyeri, mwendo mfupi kutoka Endarasha, kina wanafunzi wa fani hii ambao wangefaidi kuisimamia, na ndiko warsha ya kwanza ya Data Science Africa ilikofanyika mwaka wa 2015.

Kinachohitajika zaidi ni agizo na bajeti ya watu wawili au watatu wa kudumu. Wakala wa Afya Dijitali, uliobuniwa chini ya sheria ya 2023, ndicho chombo kilicho karibu zaidi na jukumu hilo. Hatua ya kwanza ingekuwa orodha fupi: kila programu inayotumika katika hospitali za umma, hifadhi ya msimbo wake iko wapi, na majina ya wenye funguo.