Mchoro wa Matawi na Mtahiniwa Asiyeona: Maoni kuhusu Utahini wa Kiswahili

Maoni haya yanahusu jambo lililo katika uwezo wetu sisi watungaji wa mitihani ya Kiswahili, yaani jinsi swali linavyoweza kumnyima mtahiniwa haki yake kabla hajaanza kulijibu.

Msingi wa kisheria wa suala hili ni bayana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya iliitaka dola ikuze Lugha ya Alama ya Kenya na maandishi ya nukta nundu. Kwa mujibu wa Mkataba huo, kumnyima mtu marekebisho yafaayo, ambayo si mzigo uliopita kiasi kwa mtoaji, ni ubaguzi. Marekebisho hayo, basi, si hisani. Hata hivyo, sheria haitungi maswali, tunayatunga sisi.

Tuchukue mfano wa sintaksia. Mtahiniwa huagizwa achanganue sentensi "Mtoto mdogo analia" kwa mchoro wa matawi. Anayeona huumaliza mchoro kwa muda mfupi. Asiyeona, ambaye huandika nukta nundu mstari baada ya mstari, hana njia nyepesi ya kuyachora matawi hayo. Wako watakaosema asamehewe swali. Msamaha huo, kwa maoni yetu, ni dhuluma ya pili, kwani unamnyima nafasi ya kuonyesha anachokijua. Mwanaisimu yeyote anafahamu kwamba mabano hubeba taarifa ileile:

[S [KN [N Mtoto] [V mdogo]] [KT [T analia]]]

Hapa hakuna kirai kilichopotea wala uhusiano wa viambajengo uliofichika. Kama lengo la swali ni kupima ujuzi wa muundo, majibu haya mawili yana thamani sawa. Anayedai kuwa mabano yanashusha kiwango hana budi kutueleza kama anapima sintaksia au anapima uchoraji.

Hali ya mwanafunzi kiziwi inafanana na hiyo katika ushairi. Hudhaniwa kwamba mizani ni ya masikio peke yake. Lakini othografia ya Kiswahili huonyesha silabi waziwazi: kila irabu ni kiini cha silabi, na nazali kama ile ya "mtu" husimama peke yake. Kwa kanuni hizo kiziwi anaweza kuhesabu mizani kumi na sita za mshororo, na vina akaviona kwa macho. Isitoshe, tangu William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya alama ya Marekani mwaka 1960, taaluma yetu imejua kwamba lugha za alama zina muundo wake kamili. Kwa wengi wa wanafunzi hawa Kiswahili ni lugha ya pili, nasi tunapoyasahihisha maandishi yao yafaa tulikumbuke hilo.

Tukiri kwamba marekebisho yana mipaka. Swali linalopima usikilizaji wa kiimbo haliwezi kugeuzwa likabaki lilelile. Hapo ni uungwana kutoa swali jingine lenye uzito uleule, na kutamka wazi kuwa kinachopimwa ni kingine. Vilevile, kifungu cha ufahamu kinachosomwa kwa ncha ya kidole huhitaji muda zaidi, hasa msomaji anapolazimika kurudi nyuma kutafuta jibu. Muda huo ni sehemu ya haki.

Tunapendekeza kwamba kila swali, wakati wa kutungwa na si siku ya mtihani, liulizwe kwanza: linapima nini, na je, kuna njia nyingine ya kukionyesha hicho? Kuandika "kwa matawi au kwa mabano" kunaongeza maneno matatu tu katika karatasi ya mtihani. Kutoyaandika kunaweza kumgharimu mwanafunzi shahada yake.