Mtoto aliyekonda ni amana ya baba pia

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu kisha akamjaalia wazazi wa kumlea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunapenda kuliangalia jambo ambalo huzungumzwa zaidi uani kwa akina mama kuliko barazani kwa wanaume. Nalo ni hali ya mtoto wa mwaka mmoja au miwili ambaye uzito wake haupandi.

Katika mitaa yetu, mtoto wa namna hiyo hupewa moja ya majibu mawili. La kwanza ni lawama. Mama huambiwa kuwa amembemenda mtoto, yaani yeye au mumewe ametoka nje ya ndoa, au wamekutana mapema mno hali ya kuwa ananyonyesha. La pili ni sukari: soda, biskuti, maji ya glukosi, na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri. Sisi tunaona kuwa majibu yote mawili yanamdhulumu mtoto, na kwamba jibu la haki linaanza na baba na mfuko wake.

Tuanze na lawama. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Judama binti Wahb (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) alikaribia kuwakataza watu kuwaingilia wake zao wanaonyonyesha. Kisha akatazama hali za Warumi na Waajemi, akaona kuwa wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, naye hakukataza. Basi ikiwa jambo hili lilipimwa kwa kuwatazama watoto wenyewe tangu zama hizo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumtuhumu mwanamke mwenye heshima zake kwa sababu tu mkono wa mwanawe ni mwembamba? Kumzulia mtu uchafu bila ya ushahidi ni dhambi kubwa, na dhambi hiyo haimwongezei mtoto hata gramu moja.

Hatukatai kuwa ipo chembe ya ukweli iliyofichika ndani ya desturi hii. Mimba ikifuata upesi, mara nyingi mtoto wa kwanza huachishwa ziwa kabla ya wakati, na mikono ya mama humwelekea mdogo wake. Neno kwashiorkor, ambalo Dkt. Cicely Williams aliliingiza katika vitabu vya tiba katika miaka ya 1930, limetoka kwa Waga wa nchi inayoitwa leo Ghana. Kwao ni maradhi ya mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Kwa hiyo la kuzungumza hapo ni kupanga nafasi baina ya uzazi na kumlisha mtoto ipasavyo. Uzinzi hauna mlango katika mazungumzo hayo.

Ndugu wasomaji, Suratul Baqara, aya ya 233, imelipanga jambo hili kwa namna ambayo wengi wetu tunaisoma nusu. Tunakumbuka miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Tunasahau kuwa aya hiyo hiyo imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema, na ikaweka suala la kumwachisha mtoto ziwa katika ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Baba asiyejua mwanawe ana kilo ngapi atashauriana juu ya nini?

Wapo watakaosema kuwa chanzo ni umaskini, na umaskini upo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 12 wana uzito pungufu. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo inasifika kwa mavuno mengi ya mahindi na viazi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa! Hii inatufundisha kuwa tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kupata lishe ni jambo jingine.

Tazameni uji tunaowapa. Uji mwepesi wa mahindi matupu, unaomiminika kama chai, sehemu kubwa yake ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa upesi, naye hulia njaa baada ya muda mfupi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya anahitaji kiasi cha kalori 550 kwa siku kutoka katika chakula, mbali na maziwa ya mama. Hazipatikani kwa vikombe viwili vya uji mwepesi.

Uji na upikwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko. Utiwe karanga zilizosagwa laini, au maziwa, au tui la nazi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula huongeza takriban kalori 40 bila ya kuongeza ukubwa wa bakuli. Ubwabwa wake uchanganywe na kunde au maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai, samaki aliyetolewa miiba, au ini. Ziongezwe mboga za majani, parachichi, embe au papai. Ale mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na asusa moja au mbili kama ndizi au kiazi kitamu, na maziwa ya mama yaendelee. Wale wanaosaga unga wa lishe wenye nafaka tano au sita wajue kuwa mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano zote ni kundi moja la wanga. Wingi wa majina hauifanyi nafaka kuwa nyama.

Yapo pia ya kujihadhari nayo. Karanga nzima humkaba mtoto, na karanga au mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Asali, pamoja na utukufu wake, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia madini ya chuma. Ama vile vidonge vya kunenepesha, baadhi yake ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, na vingine ni deksamethasoni, ambayo huvimbisha mwili kwa maji na kudhoofisha kinga. Mtoto huonekana amenawiri, kumbe amedhurika. Unene wa namna hiyo hatuutaki.

Kuna na adabu zetu za kula. Sinia moja kwa watu wote ni baraka na ni mapenzi, lakini mtoto wa miezi kumi na minane hawezi kushindana na kaka zake. Mtengeeni sahani yake kando ya sinia, ili ajulikane amekula kiasi gani. Akae nayo mtu mzima mwenye subira, amhimize bila ya kumlazimisha wala kumbana pua. Aidha, mwezi wa Ramadhani jiko huwashwa alasiri, na mtoto ambaye kufunga hakumhusu hushinda kwa biskuti na kiporo. Mama anayenyonyesha amepewa ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mwanawe. Itakuwaje basi huyu anayenyonya asahauliwe mchana kutwa?

Kisha ipo mizani. Mtoto mwenye afya, uzito wake wa kuzaliwa huongezeka takriban mara tatu anapotimiza mwaka. Kadi ya kliniki ina mstari wa ukuaji. Asiangaliwe kwa kulinganishwa na mtoto wa jirani, kwani wapo watoto wembamba kwa maumbile ambao mstari wao unapanda vizuri. Mstari ukilala au ukishuka, hiyo ndiyo ishara. Hapo atafutiwe sababu: kuharisha kwa mara kwa mara, minyoo, malaria, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, selimundu au maradhi ya moyo, kwani chakula peke yake hakitibu hayo. Akiwa na umri wa miezi sita hadi miaka mitano na mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba na ukiibonyeza inabaki shimo, basi asicheleweshwe nyumbani kwa uji wala kwa kombe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dua isomwe njiani.

Tunarudi kwa akina baba. Fedha ya soda moja kwa kawaida hutosha kununua yai. Anayetoa fedha ya jikoni na aulize imemnunulia nini mdogo kuliko wote, na kama haitoshi aongeze kabla ya kununua sigara au vocha ya simu. Aende kliniki japo mara moja katika miezi mitatu, aisome kadi kwa macho yake. Bibi wa mtoto naye, ambaye neno lake lina uzito nyumbani, na alitumie kumnusuru mkamwana badala ya kumhukumu.

Kwa kamati za misikiti tuna pendekezo. Kila Ramadhani tunagawa sukari, tende na mchele, na Mwenyezi Mungu awalipe watoaji. Lakini mjane mwenye mtoto mchanga anahitaji mayai, dagaa na maharage katika miezi ile kumi na moja mingine pia. Fungu dogo la sadaka likitengwa kwa ajili hiyo, na khatibu akilisemea mimbarini walau mara moja kwa mwaka, tutakuwa tumewahi watoto wengi kabla hawajadumaa.

Sote tunaijua hadithi ya mchunga na kundi lake. Katika kundi hilo, anayehitaji kutazamwa kwanza ni yule asiyeweza kusema kuwa ana njaa. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hii, na awape watoto wetu siha njema. Amin.