Barazani: Nani Aijua Malaika?

Wasomaji wangu, hapa Voi na huko juu katika milima ya Taita kuna ugomvi mmoja usiofika kwa chifu wala mahakamani, na kwa sababu hiyo hauishi. Ni ugomvi wa nyimbo. Wazee husema ya kuwa vijana wa siku hizi hawana masikio, na kwamba wanachokiita muziki ni kelele tu. Vijana nao hujibu kwamba wazee wamelala na dunia imewapita. Karani akitoka ofisini na mkulima akitoka shambani, hukuta nyumbani kila mtu ana redio yake mfukoni, maana simu ya mkononi ndiyo redio, ndiyo gramafoni, ndiyo sinema. Baba asikiliza zake, mtoto asikiliza zake, wala hapana anayejua mwenzake amesikia nini. Zamani nyumba iliyokuwa na redio moja, watu wake wote walisikia wimbo mmoja, wapende wasipende.

Nataka leo tuutazame ugomvi huu kwa utaratibu, kwa kuwa nadhani watu wameshika mkia wa jambo wakaacha kichwa.

Si zamani nilihudhuria arusi moja mjini Voi. Kijana aliyekuwa akipiga muziki alitupigia nyimbo za Tanzania, akafuata amapiano ya Afrika Kusini, kisha gengetone ya Nairobi, na vijana wenzake wakacheza mpaka vumbi likatimka. Alikuwapo mzee mmoja kutoka upande wa Wundanyi, umri wake umepita miaka 80, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika kazi ya reli. Mzee akamtuma mtoto aende akaombe Malaika. Kijana akakubali kwa heshima, akaupiga. Kumbe alioupiga ni ule ulioimbwa na Angélique Kidjo katika sahani yake ya mwaka 1991.

Mzee akainuka, akamwendea. “Mjukuu wangu, huu sio.”

“Mghosi, ndio huu,” akasema kijana. “Mwenyewe ni mama mmoja wa Benin. Tazama, jina lake hili hapa.”

“Benin! Wimbo huu umetoka kwa mtu wa hapa kwetu, nawe wanionyesha Benin!”

Watu wakacheka, na wengi wetu tuliokuwa karibu tukaona ya kuwa mzee ameshinda. Na kwa kweli alikuwa na haki. Mtu aliyeurekodi Malaika kwanza, akaufanya ujulikane, ni Fadhili William, aliyezaliwa Taita mwaka 1938. Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, na Mdawida ni Mtaita, basi hata asiyejua kusoma ramani angeweza kujua ametoka wapi. Aliurekodi pamoja na bendi yake ya Jambo Boys yapata mwaka 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika sahani yao iliyopata tuzo ya Grammy huko Marekani, na mwaka 1981 Boney M wakauimba Ulaya, kabla ya huyo mama wa Benin kuufikia. Fadhili mwenyewe alikaa Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki Nairobi mwaka 2001.

Hapa yanipasa niseme pia, kwa ajili ya haki, ya kuwa utunzi wa wimbo huo una mabishano. Wako wanaosema aliyeutunga ni Adam Salim, mtu wa Tanganyika, tangu mwaka 1945, na wako wengine wanaotaja majina ya watu wa Mombasa. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Lakini kwamba sauti ya kwanza iliyobeba wimbo huo katika santuri ni ya mtoto wa Taita, hilo halina ubishi.

Turudi arusini. Kijana hakukasirika. Aliweka simu yake chini, akauliza kwa upole, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. “Mghosi, nimekubali, nimejifunza. Nami nakuomba unifundishe jambo moja. Ile ngoma ya mwazindika waliyoicheza mama zenu, wewe waijua kuipiga?”

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, “Zile zilikuwa ngoma za watu wa zamani,” akaenda kuketi.

Sasa, wasomaji, tulifikiri neno hilo, “watu wa zamani.” Mzee huyu alipokuwa kijana yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kileo. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 askari wengi walirudi makwao wakiwa wamesikia mengi. Fundi Konde wa Pwani, mathalan, alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari huko Ceylon na Burma, kisha akarudi akawa mmoja wa watu wa kwanza wa Kenya kujulikana kwa gita la umeme, na sahani zake zikauzwa kotekote. Mwaka 1947 Mombasa ikapata redio yake, Sauti ya Mvita. Watu wa Taita waliokwenda kutafuta kazi Mombasa na Nairobi, na waliokaa katika mashamba ya katani ya Voi, Mwatate na Taveta pamoja na watu wa makabila mengi, waliyapata mambo hayo mapema kuliko ndugu zao waliobaki milimani. Voi ilikuwa na reli tangu mwisho wa karne ya 19, na tangu siku za vita vya 1914 ikawa njia panda, garimoshi moja laenda Nairobi, jingine laenda Taveta. Mji wa namna hiyo hauwezi kuuzuia wimbo mlangoni.

Kisha ukaja mtindo wa twist kutoka Marekani. Huko Nairobi Equator Sound Band, ambayo Fadhili alikuwamo pamoja na Daudi Kabaka na wenzao wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, iliuchukua mtindo huo ikauvalisha nguo za Kiafrika. Daudi Kabaka akaitwa mfalme wa twist, na wimbo wake wa Helule Helule ukaimbwa mwaka 1968 na Waingereza walioitwa The Tremeloes. Je, mwadhani baba zao walifurahi? Mzee aliyeona kijana anakunja magoti na kujipinda kiuno pasipo ngoma, pasipo pepo wa kutolewa, pasipo mavuno wala arusi, alisema neno lile lile asemalo mzee wa leo. Tena Malaika wenyewe si wimbo wa Kidawida, ni wa Kiswahili cha mjini. Na habari yake ni nini? Ni kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa. Hayo yalikuwa malalamiko, nayo yaliwaelekea wale wenye kupanga mahari, yaani wazee. Leo wimbo huo tunauimba katika arusi kana kwamba ni sala ya kubariki mahari! Miaka sitini na zaidi imeulainisha, kama mto ulainishavyo jiwe.

Kwa hiyo sikubaliani na wasemao ya kuwa zilizopendwa ni muziki wa adabu na wa sasa ni wa kihuni. Upo wa kihuni, sikatai. Katika gengetone iliyozuka yapata mwaka 2018 yamo maneno ambayo mtu hawezi kuyasikiliza akiwa ameketi na mama mkwe wake, na mzazi anayeyakataza nyumbani kwake ana haki. Hilo ni jambo la adabu. Kupenda ni jambo jingine. Kijana kupenda ngoma ya rika lake si kosa, na mzee kuchukizwa nayo si kosa pia.

Lakini yako maarifa, na hapo ndipo penye hasara. Kijana wa Voi anaweza kukutajia majina ya waimbaji wa Atlanta na Lagos, wamezaliwa lini na wamegombana na nani, lakini hajui ya kuwa mtu wa kilima anachokiona kutoka dirishani mwake aliimbwa dunia nzima. Hajui kwa sababu hakuambiwa. Simu humwambia kile kilichotiwa ndani yake na watu wenye bidii ya kukitia. Benin wametia. Sisi tumetia nini?

Na mzee naye hali yake ni ile ile, ila yeye ametangulia tu. Mwazindika hakuujua kwa sababu katika ujana wake alikuwa akisikiliza gita. Wala si yeye peke yake wa kulaumiwa. Wamisheni walifika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, na wengi wao hawakupenda ngoma, hasa ngoma zenye habari za pepo. Mtu aliyetaka kusoma, kubatizwa na kupata kazi ya ukarani aliziacha ngoma kama aachavyo nguo kuukuu. Tulipata shule, tukapata tenzi nzuri za kanisani ambazo hata leo kwaya zetu huziimba kwa ustadi. Lakini kitu kilibaki nje ya mlango.

Mwazindika, kwa wasomaji wasiotoka kwetu, ni ngoma ya Wataita yenye midundo mirefu, na zamani ilipigwa hasa kwa ajili ya watu waliopagawa na pepo, wengi wao wakiwa wanawake. Mtaalamu mmoja, Grace Harris, aliyekaa Taita katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 katika jarida la American Anthropologist juu ya maradhi hayo yaliyoitwa saka. Alieleza ya kuwa mwanamke aliweza kushikwa kwa kuona au kusikia vitu vya kigeni, kama motakaa, na kwamba mojawapo ya dawa zake ilikuwa kuchezewa ngoma hadharani. Nilipoyasoma hayo nilistaajabu. Kumbe ngoma tunayoiita ya zamani ilikuwa ikishughulika na mambo mapya kabisa ya wakati wake! Motakaa ilipopiga kelele barabarani, ngoma iliijibu. Haikuwa kitu cha kuwekwa kabatini.

Siku hizi mwazindika huonekana zaidi katika sikukuu, wageni wakuu wanapokuja, nao hupewa dakika chache kabla ya hotuba. Afadhali hivyo kuliko kufa. Na vituo vya redio vya lugha yetu, kama Mwanedu FM ya hapa Voi, vimewafanya vijana wengi wasione haya kukisikia Kidawida hewani. Lakini ngoma inayochezwa dakika chache jukwaani haimfundishi mtu kuipiga. Haimwambii kwa nini mdundo unabadilika mahali fulani, wala nani aliyeruhusiwa kuuanzisha, wala wimbo ule ulimhusu nani. Mambo hayo yamo vichwani mwa watu wachache, na watu hao ni wazee kuliko yule mzee wa arusini.

Basi nawaambia vijana wenye simu: chombo mnachotukanwa kwacho ndicho kinachohitajika. Fundi Konde alipofanya kazi ya kurekodi, ilimbidi awe na mitambo ya kampuni. Ninyi mna mtambo mfukoni. Likizo hii mkipanda Werugha, Mgange au Kasigau kwa bibi zenu, msipige picha ya ngoma tu. Mwulizeni mpigaji jina la kila ngoma, na nani aliyemfundisha, na mahali alipofundishiwa. Mwacheni aseme kwa Kidawida, hata kama hamwelewi neno moja katika matatu. Wa kulifasiri atapatikana, lakini msemaji hatapatikana mara ya pili. Msimkatize ili mpate kipande kifupi cha kuwachekesha wenzenu. Na akiimba, andikeni jina lake pamoja na wimbo, siku ile ile, ili isije ikawa tena kama Malaika, watu wakabishana nani mwenyewe hali wenyewe wote wamekufa.

Kwa upande wa wazee, mkiombwa, semeni. Yule kijana wa arusini aliniambia baadaye ya kuwa bibi yake mzaa mama, anayekaa upande wa Sagalla, alikuwa mwimbishaji wa mwazindika, lakini kila akimwuliza humjibu kwamba mtoto aliyesoma hana haja na mambo hayo. Nimemshauri asiende na maswali safari hii. Aende na sukari na majani ya chai, akae jikoni, ampigie bibi yake Malaika ule wa Fadhili, kisha amwulize yeye mwenyewe, alipokuwa msichana, mama yake alimkataza nyimbo gani.