Kamati ya Kisima Ilikula, Lakini Kwao Tulikujua

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Mbagala, Chamazi au Bunju, taja kisima cha mtaa, na hukumu itatoka kabla kikombe hakijapoa: kamati zilikula hela, pampu ikaungua, afadhali DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wachukue kila kitu. Mimi naona kesi hiyo imesikilizwa upande mmoja.

Kwamba zilikula, sibishi. Maji ya kuuza dumu kwa dumu hayana risiti. Daftari likilowa, hesabu imekwenda nalo. Lakini mweka hazina alikuwa jirani. Akiezeka bati jipya, mtaa mzima unaliona. Mkutano ukiitishwa, kina mama watamuuliza mbele ya wakwe zake, na ataachia kisanduku. Bili ya mita ya DAWASA ikikupita kimo, unamwitia nani mkutano?

Mabwana tumebadilishiwa vya kutosha. Mwaka 1997 tawi la Dar es Salaam la NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini, liliunganishwa na idara ya majitaka ya jiji, ikazaliwa DAWASA. Mwaka 2003 kampuni binafsi ya City Water wakapewa uendeshaji kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 waziri Edward Lowassa akatangaza kuuvunja, shirika la umma la DAWASCO likaingia. Mwaka 2018 DAWASCO nayo ikarudishwa ndani ya DAWASA. Katika hama hama yote hiyo, mlipa bili wa Toangoma aliulizwa lini?

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 haikumgeuzia uso. Bodi ya DAWASA inateuliwa kutoka juu. Imewahi kuongozwa na Jenerali mstaafu Davis Mwamunyange, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi. Heshima yake siigusi, ila hakuna kura ya mtaa iliyomweka pale. Cha kushangaza, sheria hiyohiyo inavitambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo kwa sehemu kubwa viko vijijini chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mwanakijiji anaaminiwa kusimamia bomba lake, mtu wa Chamazi haaminiwi! Tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, ndiyo, na jina lake limeshasema mpaka wa nguvu zake.

Nitaambiwa maji ni utaalamu. Ni kweli: mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini milioni 270, na hakuna mwenye akili anayetaka kamati ya mtaa ikaendeshe mitambo ile. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022, mgawo haukuepukika. Ila nani apate Jumatatu na nani asubiri hadi Ijumaa, laini ipi ifunguliwe saa nane usiku watu wamelala, huo si uhandisi. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye spana mkononi, na mtu huyo ana bosi.

Basi bosi huyo, meneja wa mkoa wa kihuduma, sheria imlazimishe kufika kwenye mikutano ya mitaa kila robo mwaka, na ratiba ya mgawo mkononi. Na kwenye bodi viwepo viti viwili vya kuchaguliwa na wenyeviti wa mitaa, kimoja cha Kinondoni, kimoja cha Temeke. Watakaovikalia walipwe posho hiyohiyo ya wenzao. Tofauti ni kwamba kwao tutakujua.