Ukingo wa barabara ni haki ya nani?

Apitaye Kariakoo asubuhi huona jinsi ukingo mmoja wa barabara unavyogombewa. Mwenye gari ataka maegesho, mwenye duka ataka kushusha mzigo, bodaboda angoja abiria, mchuuzi apanga bidhaa zake. Na mama aliyebeba mtoto hulazimika kupita katikati ya magari kwa kukosa pa kukanyaga.

Mamlaka zimejaribu njia mbili zinazopingana. Desemba 2018 wamachinga walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Oktoba 2021 Mkoa wa Dar es Salaam ukawataka waondoke kwenye njia za waenda kwa miguu, juu ya mitaro na mbele ya maduka, wahamie maeneo waliyotengewa. Hatua ya kwanza ilimsahau mpita njia. Ya pili iliwaacha wachuuzi wengi wakilalamika kuwa wametengwa na wateja wao.

Suala hili si geni kwa wanazuoni wetu. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alilijadili katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya. Alitaja kauli mbili. Kwa kauli ya kwanza, kazi ya mtawala ni kuzuia madhara na kusuluhisha ugomvi tu, na aliyetangulia mahali ndiye mwenye haki zaidi. Kwa kauli ya pili, mtawala hupanga kwa kadiri aonavyo maslahi. Katika kauli zote mbili, hana ruhusa ya kuwatoza wachuuzi ujira wa kukaa njiani.

Kwa mtazamo wetu, Kariakoo ya leo yahitaji kauli ya pili. Palipo na umati mkubwa hivi, haki ya aliyetangulia huziba njia ya kipofu na mgonjwa. Basi zipangwe saa za kushusha mizigo, wachuuzi wachorewe mipaka, na njia ya miguu isiguswe na yeyote. Lakini uadilifu wataka mpangaji asimwandame mchuuzi peke yake, ilhali gari lililoegeshwa juu ya njia hiyo hiyo laachwa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Tuanzie milangoni mwa misikiti yetu: anayewahi swala ya Ijumaa asiegeshe gari akamzibia jirani lango lake.

Wallahu aalam.